Kufuga matumbawe ya polipu ndogo kwenye tangi la nyumbani, hatua kwa hatua

Tumbawe ni mnyama. Naanza na hilo kwa sababu ukilichukulia kama pambo la mawe utalitunza kama pambo, na litakufa. Tawi moja la Acropora lenye urefu wa kidole lina polipu nyingi, kila moja na mdomo wake na minyiri yake. Zote zimeunganishwa na ngozi nyembamba iliyotandazwa juu ya kiunzi cha kalsiamu kaboneti, na kiunzi hicho zimekijenga zenyewe. Ndani ya ngozi hiyo unaishi mwani wa chembe moja uitwao zuksantela. Mwani hupokea mwanga, hutengeneza sukari, na sehemu kubwa ya sukari hiyo humlisha mwenyeji wake. Kwa hiyo unapofuga tumbawe unafuga viumbe wawili, na kila unachoamua kuhusu taa, mkondo na maji kinawagusa wote.

Kundi la polipu ndogo ni Acropora, Montipora, Pocillopora, Stylophora, Seriatopora na jamaa zao. Mgawanyo huu ni wa wafugaji zaidi kuliko wa wanabayolojia, lakini una maana kwa mtu mwenye tangi. Matumbawe haya hutaka mwanga mkali na mkondo wenye nguvu, hunyonya kalsiamu nyingi, na ngozi yao haina akiba. Tumbawe lenye polipu kubwa na nyama nene ukilikosea litajikunja siku kadhaa likisubiri urekebishe. Acropora ukiikosea inaweza kubambuka ngozi yote kwa usiku mmoja ikabaki mfupa mweupe.

Kuna jambo moja nitakalolirudia kila hatua, kwa sababu ndilo lililonigharimu zaidi. Tumbawe huvumilia namba nyingi tofauti, ila halivumilii namba inayoyumba.

Hatua ya 1: Acha tangi lipevuke

Tangi jipya hupitia mzunguko wa nitrojeni: bakteria hugeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitriti kuwa nitreti. Mzunguko huo mara nyingi hukamilika ndani ya mwezi mmoja au mwezi na nusu, na hapo samaki wachache wanaweza kuingia. Usiingize Acropora. Subiri angalau miezi sita.

Muda huo una kazi. Miamba mipya hunyonya fosfeti au huitoa, mwani wa kahawia hufunika mchanga kisha hutoweka, mwani wa nyuzi huja na kuondoka, na bakteria hushindania kila sehemu iliyo wazi. Namba za maji katika kipindi hicho hupanda na kushuka hata kama hujagusa kitu. Ishara ninayoiamini kuliko kalenda ni mwani wa chokaa, ule wa waridi na zambarau unaoganda kama rangi juu ya mawe na kioo. Huo nao hujenga kalsiamu kaboneti kama tumbawe, kwa hiyo ukianza kusambaa wenyewe, maji yako yameanza kukubali ujenzi.

Kuhusu ukubwa, tangi la lita 200 au zaidi ni rahisi kulitunza kuliko dogo, kwa kuwa kosa lile lile huenea katika maji mengi. Matangi madogo yanawezekana, lakini yanataka mkono uliokwisha kuzoea.

Tumia miezi hiyo kujifunza kupima. Pima alkali, yaani uwezo wa maji wa kuhimili tindikali, kila siku hata kama hakuna tumbawe lolote ndani, mpaka vipimo viwili vya mfululizo kutoka maji yale yale vikupe jibu moja. Mtu anayejifunzia kupima siku tumbawe linapoumwa amechelewa.

Hatua ya 2: Maji, chumvi na joto

Usitumie maji ya bomba moja kwa moja. Shaba, silika na fosfeti zilizomo, hata kwa kiasi kidogo, hujilimbikiza kwa sababu maji huvukizwa lakini vilivyoyeyuka ndani yake hubaki. Tumia chujio la RO/DI, linalosafisha maji kwa utando na kisha kwa resini, na kipimo cha TDS, yaani jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini, baada ya hatua ya mwisho kisome 0. Kikianza kusoma 1 au 2, badilisha resini.

Chumvi iwe 35 kwa elfu, ambayo kwa nyuzijoto 25 ni sawa na uzito mahususi wa 1.026 hivi. Kama unatumia rifraktomita, kifaa cha kusomea chumvi kwa mwanga, irekebishe kwa kimiminika maalumu cha 35, maana kuirekebisha kwa maji matupu huacha kosa pale pale unapohitaji uhakika. Maji mapya yachanganye kwa pampu hadi yawe maangavu, yapashe joto, kisha linganisha chumvi na alkali yake na ya tangi kabla ya kumimina. Chumvi nyingine za dukani huchanganyika zikiwa na alkali ya 11 au 12 kwa kipimo cha dKH nitakachokieleza Hatua ya 5. Tangi linaloishi kwenye 8 likibadilishiwa robo ya maji kwa chumvi ya namna hiyo hupata mruko kwa mkono wa mwenyewe aliyedhani anasafisha. Asilimia 10 kwa wiki inatosha.

Uvukizi ni adui mtulivu. Tangi la lita 200 likipoteza lita 3 kwa siku, chumvi hupanda kutoka 35 hadi karibu 35.5. Ukisahau siku tatu kisha ukamimina ndoo nzima ya maji matamu, umelipandisha tumbawe siku tatu na kulishusha ndani ya dakika chache. Kifaa cha kujaza maji chenyewe, chenye kihisi na pampu ndogo, ni miongoni mwa vitu vya kwanza vya kununua, kabla ya taa ya kifahari. Hakikisha tu kina kihisi cha pili cha dharura.

Joto liwe nyuzi 25 hadi 26. Hita huharibika, na mara nyingi huharibika ikiwa imewaka. Iunganishe na kidhibiti joto kilicho nje yake, kitakachokata umeme hita inapokataa kuzima, na weka hita mbili ndogo badala ya moja kubwa. Joto likipanda sana, zuksantela huwa mzigo, tumbawe huwatoa, na hapo unaona weupe. Feni inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi moja au mbili, ingawa huongeza uvukizi.

Hatua ya 3: Mwanga

Mwanga wa matumbawe hupimwa kwa PAR, yaani wingi wa chembe za mwanga zinazofaa kwa usanisinuru zinazoangukia eneo fulani kila sekunde. Montipora na Pocillopora hustawi vizuri kwenye 150 hadi 250. Acropora nyingi hupenda 250 hadi 400. Juu ya hapo faida hupungua na hatari huongezeka, kwa kuwa zuksantela akishiba mwanga hawezi kuutumia tena na ziada humuumiza.

Macho yako hayawezi kupima PAR. Taa ya buluu tupu huonekana hafifu kwetu, lakini tumbawe huipokea kwa nguvu, kwa sababu zuksantela hutumia sana mwanga wa buluu. Azima kipimo cha PAR hata kwa siku moja, pima juu, katikati na chini ya mawe, pande zote, na uandike. Ramani hiyo itakuokoa kila utakapotaka kuweka tumbawe jipya.

Taa za LED hufanya kazi, na mirija ya T5, ile myembamba ya fluoresenti, hufanya kazi. LED zina tatizo la kumulika kutoka nukta moja, hivyo matawi ya chini hukaa kivulini na hufa polepole kutoka chini kwenda juu. Taa mbili zilizotandazwa hutoa matokeo bora kuliko moja yenye nguvu. Masaa 8 hadi 10 ya mwanga kamili yanatosha. Na ukibadilisha taa, anza na nusu ya nguvu uipandishe kidogo kidogo kwa mwezi mzima. Nimeona makoloni ya miaka yakipauka ndani ya wiki moja kwa sababu taa mpya iliwashwa kwa nguvu zote siku ya kwanza.

Hatua ya 4: Mkondo

Tumbawe haliwezi kutembea kwenda kwa hewa, chakula au choo. Maji ndiyo huja. Juu ya ngozi yake hukaa tabaka jembamba la maji yaliyotulia, na kila kinachoingia au kutoka lazima kivuke tabaka hilo. Mkondo ukiwa na nguvu, tabaka hupungua.

Jumlisha uwezo wa pampu zote za mkondo kwa saa: uwe mara 30 hadi 50 ya ujazo wa tangi. Kwa lita 200, hiyo ni lita 6,000 hadi 10,000 kwa saa. Lakini usielekeze pampu moja kwa moja kwenye tumbawe. Mkondo mkali wa upande mmoja hubambua ngozi. Unachotaka ni vurugu, maji yanayogongana na kugeuka, na pampu zinazopishana nguvu. Angalia polipu zilizotoka: zitikisike huku na huku. Zikilala upande mmoja muda wote, sogeza pampu.

Kumbuka pia kwamba tumbawe linalokua huziba njia ya maji. Mkondo uliotosha mwaka wa kwanza hautoshi mwaka wa tatu.

Hatua ya 5: Alkali, kalsiamu na magnesiamu

Hapa ndipo tangi hufaulu au hushindwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Alkali ni uwezo wa maji wa kuhimili tindikali. Kwenye tangi la bahari, sehemu kubwa ya uwezo huo ni bikaboneti na kaboneti, ambazo ndizo tofali za tumbawe. Kipimo chake cha kawaida ni dKH, yaani digrii za ugumu wa kaboneti. Maji ya bahari yana 7 hivi, na kwenye tangi chagua namba moja kati ya 7.5 na 8.5 uishikilie. Kalsiamu iwe kati ya 400 na 450 mg kwa lita, magnesiamu kati ya 1,280 na 1,350. Magnesiamu huzuia kalsiamu na kaboneti zisigande zenyewe kwenye hita na pampu. Ikipungua sana utahangaika kuinua hizo mbili bila mafanikio.

Kwa nini naitaja alkali kwanza? Kwa sababu ya hesabu. Tumbawe linapojenga kiunzi huchukua kalsiamu na kaboneti kwa uwiano usiobadilika: kila dKH 2.8 inayotumika huenda na karibu mg 20 za kalsiamu kwa lita. Tangi likisahaulika na likatumia dKH 2.8, alkali imeporomoka kutoka 8 hadi 5.2, jambo ambalo Acropora wengi hawalimalizi salama. Kalsiamu kwa wakati huo huo imeshuka kutoka 430 hadi 410 tu, na kifaa cha kupimia cha nyumbani kinaweza hata kisione tofauti. Alkali ndiyo hupiga kelele mapema.

Fanya hivi. Pima alkali leo saa fulani. Usiongeze chochote. Pima tena baada ya siku mbili, saa ile ile. Tuseme tangi lako la lita 200 limetoka 8.2 hadi 7.6. Limetumia 0.6 kwa siku mbili, yaani 0.3 kwa siku. Kuinua alkali kwa dKH 1 kunahitaji mg 30 za bikaboneti ya soda kwa kila lita, hivyo kwa lita 200 ni gramu 6. Matumizi ya 0.3 ni gramu 1.8 kwa siku. Kalsiamu inayokwenda nayo ni kama mg 2 kwa lita kwa siku, na kloridi ya kalsiamu yenye maji mawili, ile ya vipande, hutoa hiyo kwa gramu 1.6 hivi. Umepata dozi yako ya siku. Hakuna chupa yenye jina kubwa iliyokufanyia hesabu hiyo, na sasa unaelewa kilichomo ndani ya chupa hizo. Ujazo wa lita 200 hapa ni maji halisi baada ya kuondoa mawe na mchanga, usiusahau. Na bikaboneti iwe safi; poda ya kuokea iliyochanganywa na tindikali na wanga haifai.

Yeyusha kila moja kwenye chupa yake ya maji ya RO/DI, kisha tia kwa nyakati tofauti, sehemu yenye mkondo. Zikikutana zikiwa nzito hugandana na kuwa unga mweupe, na umepoteza zote mbili. Pampu ya kudondoshea inayotia kidogo kidogo mara kumi na mbili kwa siku ni bora kuliko mkono unaotia mara moja. Baada ya wiki pima tena na urekebishe dozi, siyo tangi.

Njia nyingine ni maji ya chokaa, yaani hidroksidi ya kalsiamu iliyoyeyushwa kwenye maji ya kujazia. Huleta kalsiamu na alkali kwa uwiano ule ule wanaoutumia matumbawe, na huinua pH, jambo zuri kwenye nyumba zilizofungwa zenye hewa ya ukaa nyingi. Naipenda sana njia hii lakini inataka heshima. Maji ya chokaa yaliyojaa hubeba karibu gramu 1.5 kwa lita na pH yake hupita 12. Lita 3 za kujazia zenye nguvu hiyo zingeinua tangi letu la lita 200 kwa karibu dKH 1.7 kwa siku, wakati matumizi ni 0.3 tu. Kwa hiyo weka gramu 0.8 kwenye lita hizo 3, siyo zaidi, na zidondoke polepole. Vaa glavu na linda macho. Kihisi cha kujaza maji kikikwama wazi ukiwa na chokaa iliyojaa, tangi zima linaweza kugeuka maziwa.

Kwa matangi makubwa yaliyojaa makoloni kuna chombo kinachoyeyusha changarawe za matumbawe makavu kwa hewa ya ukaa na kudondosha maji yake kwenye mfumo. Hicho ni cha baadaye. Ukiwa na vipande vitatu tu, kubadilisha maji pekee kunaweza kutosha.

Sasa kosa langu. Mwaka wangu wa pili nilikuta alkali imeshuka hadi 6.6 baada ya pampu ya dozi kuziba. Tumbawe zote zilikuwa hai, polipu zimetoka. Nikaogopa namba, nikairudisha hadi 9 usiku ule ule. Asubuhi ya pili ncha za Acropora zilikuwa zimeungua, na kufikia mwisho wa wiki nilikuwa nimepoteza makoloni manne. Upungufu haukuyaua. Mruko ndio ulioyaua. Tangu hapo siinui alkali zaidi ya 0.5 kwa siku, hata kama namba inanitisha.

Hatua ya 6: Nitreti na fosfeti

Zamani wafugaji walifukuzia sifuri. Sifuri huleta matumbawe yaliyopauka, ngozi iliyosinyaa, na mara nyingi huwafungulia mlango dinoflajelati, ute wa kahawia wenye viputo unaofunika kila kitu na kuua konokono. Weka nitreti kati ya 2 na 10 mg kwa lita, fosfeti kati ya 0.03 na 0.1. Zikizidi sana rangi hugeuka kahawia, kwa kuwa zuksantela huongezeka wakafunika rangi za tumbawe lenyewe.

Kuna uhusiano ambao wengi hawauoni: maji maskini wa virutubisho yakiwa na alkali ya juu, kama 10 au 11, huunguza ncha za Acropora. Kiunzi hukimbia mbele ya ngozi, na ngozi haina chakula cha kukifuata. Kama tangi lako ni safi sana, shusha alkali kuelekea 7.5.

Skima, ile mashine inayotoa uchafu kwa povu, ni msaada mkubwa. Lakini lisha samaki vizuri. Samaki aliyeshiba ndiye mlishaji bora wa matumbawe, kwa kuwa taka zake humpa zuksantela nitrojeni kidogo kidogo siku nzima. Kwa unga wa kuondoa fosfeti, tumia robo ya kipimo kilichoandikwa, maana kuishusha fosfeti ghafla ni mruko kama ule wa alkali.

Hatua ya 7: Chagua vya kuanzia

Anza na Montipora, hasa ile ya sahani au ya vidole, kisha Stylophora, Pocillopora na Seriatopora. Zikikua kwa miezi mitatu huku zikifunika gundi na kigingi, kile kitako kidogo ambacho kipande hubandikwa juu yake, jaribu Acropora moja. Moja tu, ya aina isiyo adimu.

Nunua vipande vilivyokuzwa kwenye matangi. Vimezoea taa na maji ya chumbani, huishi zaidi, na havijang'olewa mwambani. Matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo kuyavusha mpaka wa nchi kunahitaji hati. Muulize muuzaji kipande kimekaa kwake muda gani na chini ya PAR ngapi. Kipande kilichopona kidonda cha kukatwa na kuanza kutambaa juu ya kigingi kina thamani kuliko kikubwa kilichokatwa jana.

Hatua ya 8: Kagua, osha, tenga

Wadudu wa matumbawe haya hawapo kwenye tangi lako mpaka uwalete. Watatu ni wa kuwajua. Wa kwanza ni mnyoo bapa anayekula Acropora, Prosthiostomum acroporae, ambaye rangi yake humficha kabisa. Utaona alama za duara zilizopauka, na mayai ya hudhurungi yamepangwa kwenye mfupa ulio wazi karibu na kitako. Wa pili ni Tegastes acroporanus, mdudu mdogo wa njano mwenye doa jekundu, anayehitaji kioo cha kukuzia. Wa tatu ni konokono uchi mweupe anayekula Montipora, anayejificha upande wa chini na kutaga hapo.

Kila kipande kipya kivunje kutoka kwenye kigingi chake, kata sehemu ya kitako isiyo na ngozi, tupa. Kiweke kwenye dawa ya kuoshea matumbawe kwa muda ulioandikwa na mtengenezaji, kwa kawaida dakika 5 hadi 15, ukikipulizia maji kwa bomba la mpira ili wadudu walegee waanguke. Chunguza sakafu ya chombo. Suuza kwenye maji mengine ya tangi, kisha tupa maji yote mawili.

Dawa haiui mayai. Ndiyo maana uoshaji mmoja hauaminiki. Tenga kipande kwenye tangi dogo lenye taa na mkondo, rudia kuosha kila wiki, na usikiingize ndani kabla ya wiki sita. Ni muda mrefu, najua, hasa ukiwa na kipande kizuri mkononi. Kuwaondoa minyoo bapa kwenye tangi lililojaa Acropora zilizoshika mawe ni kazi ya miezi, na mara nyingi huishia kwa kuyavunja makoloni yote.

Hatua ya 9: Kuweka mahali

Linganisha joto kwa kuelea mfuko dakika 20, linganisha chumvi kwa matone kama tofauti ni kubwa, kisha usirefushe zaidi. Anza kwenye PAR 100 hadi 150, chini au pembeni, na upandishe hatua kwa hatua kwa wiki tatu au nne. Gundi ya jeli ya sianoakrilati hushika hata majini: weka tone nene, bonyeza, zungusha kidogo.

Acha nafasi. Kipande cha sentimita 3 kinaweza kuwa koloni la sentimita 20 ndani ya miaka miwili, na Montipora ya sahani humnyima jirani mwanga kabla hujajua. Kiweke kipande chako mbali na matumbawe ya Euphyllia na Galaxea, ambayo hurusha minyiri mirefu usiku na kuunguza.

Kisha ondoa mkono. Kipande kinachosogezwa kila siku mbili hakizoei chochote. Pono na wengi wa samaki-kipepeo hudonoa matumbawe, wasiingie. Kangaja, kinyume chake, ni wafanyakazi wazuri wa kula mwani, kama tangi lina urefu wa kuwatosha.

Hatua ya 10: Kusoma tumbawe

Ncha nyeupe au za rangi angavu zenye polipu ndogo ni ukuaji, furahi. Ncha nyeupe zilizo tupu, zenye mwani, zimeungua. Rangi ya kahawia inasema mwanga ni mdogo au virutubisho ni vingi. Kupauka kwa koloni zima kunasema kinyume chake, au joto. Polipu zilizojificha siku nzima kwenye tumbawe moja tu, tafuta mdudu au samaki anayedonoa. Zikijificha kwenye matumbawe yote, pima alkali kabla ya kitu kingine.

Ngozi ikianza kurudi nyuma polepole kutoka kitakoni, angalia mwanga na mkondo wa chini, na historia ya alkali ya wiki mbili zilizopita. Ndiyo sababu daftari ni kifaa cha lazima kama skima. Ngozi ikibambuka kwa saa, vipande vikipeperuka majini, usisubiri. Kata matawi yenye afya sentimita moja au mbili juu ya mstari wa kifo kwa koleo la kukatia mifupa, yaoshe, yabandike upya sehemu tulivu zaidi, toa koloni lililobaki, weka kaboni mpya ya kuchujia maji. Huenda ukaokoa vipande viwili kati ya kumi, na viwili hivyo ndivyo koloni la kesho.

Kukata huku kufanye pia wakati wa heri. Kila koloni linalozidi ukubwa wa ngumi, kata vipande viwili, bandika kimoja pembe nyingine ya tangi na kimoja mpe mfugaji mwenzako. Tangi lako likipatwa na janga, mbegu yake iko kwake.

Umeme ukikatika, kinachoua kwanza ni kukosa mkondo na hewa. Joto hushuka polepole, giza la siku moja halina neno. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri, iliyochajiwa na kuwekwa mahali unapoweza kuipapasa gizani, huyabeba matumbawe na samaki kwa saa nyingi. Ijaribu kila mwezi, siku ile ile unayosafisha pampu za mkondo kwenye siki.